Mungu Asemaye kwa Kugusa

Somo: Marko 7:24–37 na Marko 8:22–26
Soma pia: 2 Samweli 12:1–4, Walawi 19:14, Kutoka 4:11



Fungua nami Marko sura ya saba. Kama uko nyumbani unasoma karatasi hii, ichukue Biblia yako kabisa, usiitegemee kumbukumbu. Tumezoea kuikata sura hii vipande viwili. Jumapili moja tunahubiri yule mama Msirofoinike na imani yake, Jumapili nyingine, labda mwaka mwingine, tunahubiri yule kiziwi wa Dekapoli. Lakini Marko hakuvitenganisha. Yesu anatoka mipaka ya Tiro, anapita Sidoni, anashuka mpaka Dekapoli, na habari hizi mbili zinafuatana bila hata hadithi moja katikati. Katika ya kwanza kuna mbwa chini ya meza. Katika ya pili kuna vidole masikioni. Mbwa, halafu vidole. Leo nataka tukae hapo katikati, na nitamleta binti mmoja wa Marekani atusaidie kuona kitu ambacho mimi na wewe, tunaoona na kusikia, tunakipita mbio.

Tuanze na mbwa, kwa sababu najua kuna mtu tayari anajiuliza, pasta, mbwa madhabahuni? Nakuelewa. Huku kwetu mbwa ana kazi moja. Umeandika “Mbwa Kali” kwenye geti, na mara nyingine hata mbwa mwenyewe hayuko, ni yale maandishi tu yanalinda! Mchana amefungwa, usiku anafunguliwa, anakula ukoko wa ugali, akiingia jikoni anafukuzwa na mwiko. Na Biblia yenyewe haimsifu sana. Goliathi alipotaka kuonyesha kwamba amedharauliwa aliuliza kama yeye ni mbwa. Paulo akiwaonya Wafilipi juu ya watenda mabaya anawaita mbwa. Hayo yako.

Lakini angalia mbwa wa yule mama. Wasomi wa Kigiriki wanatuambia kwamba neno alilotumia Yesu, na mama akalirudisha, ni la mbwa mdogo, na mama anamweka chini ya meza, miguuni pa watoto. Huyo si mbwa wa jalalani. Ni wa nyumbani, anayejua mtoto gani huangusha makombo na mtoto gani ni mchoyo. Mama amekubali kusimama mahali pake, na kutoka mahali hapo pa chini akapata alichokuja kutafuta.

Halafu kuna habari ya Nathani. Daudi amefanya dhambi kubwa, na Mungu anamtuma nabii kwake. Nabii haanzi na sheria, anaanza na mnyama. Anamweleza mfalme habari za maskini aliyekuwa na kondoo jike mmoja tu, mdogo, aliyekula chakula chake, akanywa kikombeni mwake na kulala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Daudi hakumkatiza Nathani akasema, “Lakini huyo ni kondoo tu.” Alikuwa mchungaji. Alijua uzito wa mnyama aliyelala kifuani mwa mtu. Hasira yake iliwaka papo hapo. Kwa hiyo usiniambie kwamba Maandiko hayajui kifungo kinachoweza kuwa kati ya mtu na mnyama wake. Yanakijua, na nabii alikitumia kuufungua moyo wa mfalme.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Helen Keller alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji wa Tuscumbia, jimbo la Alabama. Alipokuwa na miezi kumi na tisa aliugua homa kali. Homa ikaondoka, na kuona na kusikia vikaondoka nayo. Fikiria hiyo hali. Si kipofu anayekusikia ukimwita, si kiziwi anayekuona ukimpungia mkono. Ni yote mawili. Mama anaingia chumbani, mtoto hajui. Mama anatoka, mtoto hajui. Mtu anamchukua kwa ghafula kutoka nyuma, hajui ni nani wala anapelekwa wapi. Akawa mtoto wa hasira, anapiga, anarusha vitu, anaingiza mikono katika sahani za watu mezani. Watu wa ukoo walimwona amepotea.

Nyumbani kwao kulikuwa na mbwa jike wa kuwinda, mzee, aliyeitwa Belle. Helen alimpenda. Hebu tujiulize kwa nini, kwa sababu jibu lake ni kiini cha ujumbe wa leo.

Mimi na wewe tunasalimiana kwa vitu viwili, uso na sauti. Tunatabasamu, tunasema “umeamkaje”. Hivyo viwili, kwa mtu asiyeona na asiyesikia, havifiki. Vinaanguka chini katikati ya njia. Unaweza kumpenda mtoto wako sana, ukamwimbia, ukamchekea kutwa nzima, na yeye asipate hata tone moja la upendo huo. Lakini mbwa hajui kusalimia kwa mdomo. Mbwa akifurahi, anafurahi mwili mzima. Anakuja anakuegemea mguuni. Mkia unakupiga paja, pa pa pa. Pumzi yake ya moto iko mkononi mwako, pua yake ya baridi iko kiganjani. Akibweka, weka mkono shingoni utasikia, nasema utasikia, kubweka kule kukitetemeka chini ya ngozi. Harufu yake unaijua kabla hajakufikia. Kila kitu ambacho mbwa anataka kusema, anakisema mahali ambapo mtoto yule anaweza kupokea. Sisemi mbwa ana akili kuliko shangazi zake Helen. Nasema salamu yake ilifika, zao hazikufika.

Mwezi Machi 1887, tarehe 3, akafika mwalimu, dada mmoja wa miaka ishirini jina lake Anne Sullivan, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa karibu kipofu. Akaanza kumwandikia Helen maneno kwa vidole, herufi moja moja, ndani ya kiganja. Kila herufi ina umbo lake la vidole, na mtoto anashika umbo hilo kwa mkono wake. Helen aliyaiga yale maumbo kama mchezo. Hakujua kwamba ni maneno. Hakujua kwamba kuna kitu kinaitwa neno.

Kwa muda mwalimu alimchukua wakakaa wawili katika nyumba ndogo karibu na kwao, na siku moja baba yake Helen akaja kuwaona akamleta Belle. Alitaka kujua kama mtoto atamtambua. Helen alikuwa anaoga mwanasesere wake. Hakuona mlango ukifunguliwa, hakusikia hatua. Lakini haikupita hata dakika moja akaanza kunusa. Akamtupa mwanasesere katika beseni, akapapasa chumba chote mpaka akajikwaa juu ya Belle, akamkumbatia shingoni kwa nguvu. Kisha akaketi chini kando yake, akaushika mguu wa mbele wa mbwa na kuanza kuchezacheza na makucha yake. Watu wazima wakatazama, hawaelewi. Mpaka wakaona vidole vya Helen vinafanya herufi za neno lile la mwanasesere kwa Kiingereza. Alikuwa anamfundisha mbwa kuandika!

Kaa hapo kidogo na mimi. Siku hiyo ilikuwa Machi. Ile siku maarufu ya bomba la maji, ambapo mwalimu alimwandikia “maji” katika mkono mmoja huku maji yakitiririka juu ya mkono mwingine na mtoto akaelewa kwa mara ya kwanza kwamba kila kitu kina jina, ilikuwa tarehe 5 Aprili. Maana yake nini? Maana yake alianza kugawa kabla hajaelewa alichopewa. Alijua tu kwamba kuna mtu amemjia, ameushika mkono wake, ameweka kitu ndani yake, na kitu hicho ni kizuri. Na wazo lake, gizani mle, kimyani mle, likawa: mwenzangu naye apate. Akaenda kwa mwenzake. Mwenzake alikuwa na makucha badala ya vidole, lakini hilo halikumzuia.

Haleluya. Kuna mtu hapa ana miaka kumi katika wokovu na anasubiri “kujazwa kwanza” ndipo amwambie jirani yake habari za Yesu. Haya, tuendelee.

(Belle, kwa taarifa yenu, hakufaulu darasani. Helen mwenyewe alikuja kuandika baadaye kwamba mbwa yule alikuwa mzito wa kuelewa na hakuwa makini. Walimu wa Shule ya Jumapili wanajua tunazungumzia nini.)

Helen alipokuwa na miaka kama kumi, rafiki wa familia, William Wade wa Pennsylvania, alimpa mbwa mwingine, mkubwa, wa aina ya mastifu. Jina lake lilikuwa Lioness, yaani Simba Jike. Nusu ya mbwa wa mitaa yetu wanaitwa Simba, kwa hiyo hapo angalau tuko nyumbani. Mbwa wa namna hiyo akisimama anamfikia mtoto kifuani. Kwa mtoto asiyeona ni kama ukuta unaotembea naye, ukuta wenye joto.

Siku moja polisi alimpiga Lioness risasi, akafa.

Sasa mimi nataka uhesabu hasara hiyo kwa hesabu ya Helen, si kwa hesabu yako. Wewe ukipoteza mbwa una redio, una simu, una majirani ukutani, una sauti ya mvua juu ya mabati. Yeye ulimwengu wake wote ulikuwa ndani ya urefu wa mikono yake miwili. Kilichokuwa ndani ya mikono kilikuwepo. Kilichotoka mikononi kilikuwa kama hakipo duniani. Na katika vile vichache vilivyokuja vyenyewe, bila kuitwa, vikamgusa wao kwanza, mmoja alikuwa Lioness. Huyo ndiye kondoo wa maskini wa Nathani.

Alifanya nini? Alipoandika juu ya jambo hilo hakumlaani polisi yule. Aliandika kwamba ana hakika wasingefanya vile kama wangejua jinsi Lioness alivyokuwa mbwa mwema. Mtoto wa miaka kumi! Sisi tunashikilia kinyongo cha mpaka wa shamba mpaka wajukuu wanakirithi.

Habari zikaingia magazetini, na wasomaji wakaguswa. Watu wa Marekani, mpaka watu wa Uingereza, wakataka kuchanga pesa wamnunulie mbwa mwingine. Na hapo ndipo mtoto huyo akafanya jambo ambalo lilinifanya niiweke habari yake mbele yenu. Aliwashukuru, kisha akawaambia hataki mbwa. Alikuwa amesikia habari za mtoto mmoja wa kiume huko Pennsylvania, Tommy Stringer, wa miaka minne hivi. Tommy haoni, hasikii. Mama amekufa. Baba ni maskini, hawezi kumsomesha. Mtoto yuko tu, hakuna mtu wa kuushika mkono wake na kuweka neno ndani. Helen akasema pesa za mbwa zimlete Tommy shuleni Boston, katika taasisi ya Perkins. Akaandika barua, moja baada ya nyingine, kwa marafiki na kwa magazeti, akiwaombea watu wampe Tommy walichotaka kumpa yeye. Na mwaka 1891 Tommy akaletwa. Akafundishwa lugha ya vidole, akasoma, akawa na mkono mzuri sana katika useremala.

Mmeiona njia ya kitu hicho? Mwalimu aliweka neno katika kiganja cha Helen. Helen akajaribu kuliweka katika mguu wa mbwa. Mbwa mwingine akafa, na kifo chake kikafungua mifuko ya watu wasiojuana, na neno likafika katika kiganja cha Tommy. Mungu wetu hana takataka. Hata kilio cha mtoto juu ya mbwa wake, ambacho wengine wangekiona ni upuuzi, kilipita mikononi mwake Mungu kikatoka upande wa pili kikiwa shule ya mtoto mwingine.

Niongeze jambo moja kabla sijaendelea. Mwaka 1937 Helen, sasa mama wa miaka karibu hamsini na saba, alitembelea Japani, akafika mkoa wa Akita ambako kuna aina ya mbwa waaminifu wenye jina la mkoa huo. Akapewa mmoja, mtoto, jina lake Kamikaze-go. Yule mbwa alikufa kwa ugonjwa miezi michache tu baadaye, na Wajapani wakamtumia ndugu yake, Kenzan-go. Lakini unajua ni nani aliyempa yule wa kwanza? Mtu wa idara ya polisi ya Akita. Polisi mmoja aliondoa mbwa, polisi mwingine, bara lingine, miaka zaidi ya arobaini na mitano baadaye, akaleta mbwa. Sijengi fundisho juu ya hilo. Nimelitazama tu, nikatikisa kichwa.

Turudi Dekapoli. Wanamletea Yesu mtu ambaye ni kiziwi na ulimi wake ni mzito, wanamsihi amwekee mkono. Soma polepole anachofanya Bwana. Kwanza anamtoa katika mkutano, anamtenga faraghani. Pili, anatia vidole vyake masikioni mwake. Tatu, anamgusa ulimi kwa mate. Nne, anatazama mbinguni. Tano, anaugua, anavuta pumzi kwa nguvu. Sita, ndipo anasema “Efatha.” Kusema kumekuja mwisho. Kwa nini Yesu, ambaye kwa neno lake tu alimponya mtumishi wa akida akiwa mbali, ahangaike na vidole na mate? Kwa sababu yule akida alikuwa na masikio. Huyu hakuwa nayo. Bwana alisema naye kwanza kwa lugha ambayo angeweza kuipokea. Kidole sikioni: najua tatizo lako liko hapa. Mguso ulimini: na hapa. Macho juu: msaada unatoka kule. Kifua kikipanda na kushuka: naumia pamoja nawe. Yule mtu alikuwa amehubiriwa mahubiri kamili kabla sikio lake halijafunguka.

Na kipofu wa Bethsaida, sura ya nane. Yesu anamshika mkono na kumwongoza nje ya kijiji. Mwokozi wa ulimwengu anatembea barabarani ameshikana mkono na kipofu, anamwambia, nadhani, “hapa kuna jiwe, inua mguu.” Hakumtuma Petro. Hakusema “mleteni.” Alimshika mwenyewe.

Sasa tuje kwetu. Na hapa naomba tusikasirikiane.

Sisi ni kanisa la kelele, na simwombi mtu yeyote radhi kwa hilo. Tunapaza sauti kwa sababu tumetendewa makuu. Na tunaamini uponyaji, nitauhubiri mpaka nife. Lakini analetwa mtu asiyeona na asiyesikia katika maombi. Hakuna aliyemwambia kwa mkono wake yuko wapi. Ghafula mikono sita inamshika kichwa, mabega, wengine wanasukuma, jasho la mtu asiyemjua linamdondokea, sakafu inatetemeka. Sisi tunaita hayo upako. Yeye anaweza kudhani anashambuliwa. Anajaribu kujitoa, na mtu anasema, “pepo linapinga!” Wapendwa, huyo anaogopa. Hata wewe ungeogopa. Yesu alimtenga mtu faraghani kwanza, na sisi tunamleta katikati.

Na akirudi nyumbani kama alivyokuja, maneno yanaanza. Wazazi walikosa wapi. Nani alitupa kitu katika boma lao. Imani ya mama ni haba. Ndugu yangu, soma Kutoka 4:11, Mungu akimjibu Musa. Bwana anasema waziwazi kwamba ndiye aliyemfanya mwanadamu kinywa, na ndiye afanyaye mtu kuwa bubu au kiziwi, mwenye kuona au kipofu. Hakumtaja mchawi wala mama. Halafu soma Walawi 19:14, pale anapokataza kumlaani kiziwi na kuweka kikwazo mbele ya kipofu, akafunga amri hiyo na kumcha yeye mwenyewe. Kwa nini kiziwi? Kwa sababu hatasikia ukimlaani, hatakujibu. Kwa nini kipofu? Hatakuona ulipoweka jiwe. Ni dhambi ambayo aliyeumizwa hawezi kukushtaki. Shahidi ni Mungu peke yake.

Helen hakurudishiwa macho wala masikio. Alikufa tarehe 1 Juni 1968 bado haoni, bado hasikii. Lakini mwaka 1904 alihitimu chuo cha Radcliffe, akaandika vitabu, akazunguka nchi nyingi akiwatetea wasioona. Simleti hapa awe mwalimu wetu wa mafundisho ya imani. Namleta kwa sababu mtu mmoja aliushika mkono wake kila siku, hakuchoka.

Nasema na mzazi sasa. Kuna nyumba katika mitaa yetu ambamo kuna mtoto wa chumba cha nyuma. Wageni wakija mlango unafungwa. Anapelekewa chakula, anabadilishwa nguo, basi. Wakati mwingine kiumbe pekee kinachomgusa kwa hiari yake ni paka au mbwa wa hapo nyumbani anayeingia kulala karibu naye. Mama, sikuhukumu, najua umechoka na najua maneno ya majirani. Lakini nchi hii ina mahali pa mtoto huyo. Kabarnet kuna shule ya watoto wasioona na wasiosikia. Katiba yetu, kifungu cha 54, inamtambua mtu mwenye ulemavu na haki yake ya elimu na ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Na wengi wa watoto hawa si giza tupu na kimya kitupu. Wamebaki na kuona kidogo au kusikia kidogo, na hicho kidogo ni mlango. Njoo ofisini katikati ya wiki, tukae, tutafute njia pamoja. Na kama mbwa wa nyumbani ni rafiki yake, mchanje kichaa cha mbwa, muogeshe, halafu waache wakae pamoja. Usimfukuze anayejua kumsalimia mwanao.

Na wewe ambaye huna mtoto kama huyo, jifunze salamu. Ukimkuta mtu asiyeona na asiyesikia, usimrukie. Gusa bega au mkono wake polepole, uache mkono wako pale mpaka ajue upo. Chagua alama moja ya kujitambulisha, ile ile kila siku: labda pete yako, labda saa yako, labda ndevu zako. Acha aiguse. Ukitaka kumwongoza, usimsukume mbele yako kama mkokoteni. Mpe kiwiko chako akishike, atembee nyuma yako kidogo. Anayejua ishara, weka mikono yako chini ya mikono yake akusome kwa kugusa. Na ukiondoka, mwambie unaondoka. Usimwache anaongea na kiti.

Wahudumu wa mlangoni, hili linawahusu nyinyi. Viti viwili vya mwisho upande wa kushoto, karibu na jukwaa la mbao, pale ngoma zinapokaa, kuanzia Jumapili ijayo viachwe wazi. Najua ndipo wanakwaya wanaweka mikoba. Mikoba itafutiwe mahali pengine. Mtu asiyesikia akiketi pale na kuvua viatu, sifa zinampanda kutoka kwenye ubao mpaka mifupani. Mama mmoja wa ibada ya pili ameomba kumleta binti yake, na ameuliza kama binti anaweza kuja na mbwa wake, kwa sababu bila yeye hatoki nje ya geti. Nimemjibu aje naye. Bakuli la maji liwekwe chini ya kiti.